Pirates au Penguins: ukihamia Pittsburgh, uanze na timu ipi?

Siku ya pili kazini, tukiwa tunapanga maboksi zamu ya usiku, mzee mmoja mwenyeji wa Pittsburgh aliniuliza mimi ni wa timu gani. Nikamjibu bila kusita: Yanga. Nikamtajia na rangi, kijani na njano. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaweka boksi jingine juu ya lile la kwanza, kisha akauliza tena: "Sawa, lakini hapa je?"

Huu ni mji wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliojengwa na viwanda vya chuma, umekaa pale mito miwili inapokutana na kuzaa wa tatu, na watu wake husalimiana kwa matokeo ya jana. Kwenye lifti, kwa kinyozi, kwenye foleni ya duka. Mgeni asiye na timu hachukiwi, ila mazungumzo yanampita juu ya kichwa. Tangu nihamie nimewaona Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu wakikwama kwenye swali hilohilo, na wengi huniuliza faraghani: nianze na ipi?

Steelers siwapangi humu. Hao wa mpira wa Kimarekani huwachagui, utawakuta nyumbani kwako kabla hujanunua kochi. Isitoshe mechi zao za nyumbani hazizidi kumi kwa mwaka na tiketi zake si za mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi. Uchaguzi wa kweli uko kati ya Pirates, timu ya besiboli, na Penguins, timu ya hoki ya barafuni. Mimi nimekaa na zote mbili misimu kadhaa, nimepoteza usingizi kwa zote mbili, na sidhani zinafaa watu wa aina moja.

Unachokiona uwanjani

Aliyekulia kwenye kandanda ataielewa hoki kabla ya mapumziko. Kuna magoli mawili, kuna kipa, kuna kuotea, kuna shambulizi la kushtukiza. Kila upande una watu sita barafuni pamoja na kipa, vipindi ni vitatu vya dakika 20, na badala ya mpira wanagombea kisahani cheusi cha raba ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Jambo moja tu litakushangaza: wachezaji hawakai. Mtu anaingia, anakimbia kama anafukuzwa na nyuki kwa muda usiofika dakika moja, anatoka kupumua, mwingine anaruka ukuta kuingia, mchezo ukiendelea. Mara ya kwanza nilidhani wanaumia.

Tatizo la hoki kwa mgeni ni macho. Kwenye luninga kisahani hukioni. Bao linaingia, watu wanaruka, wewe unasubiri marudio ili ujue kilipita wapi. Niliteseka hivyo msimu mzima mpaka dada mmoja Mkenya aliyekuwa amenitangulia hapa aliponiambia, "Wewe kaka acha kukitafuta. Mwangalie kipa." Nikajaribu. Ukimtazama kipa, magoti yake, anavyojisogeza upande huu na ule, unajua kisahani kiko wapi hata kama hukioni. Toka siku hiyo hoki ikafunguka.

Uwanjani ni habari nyingine kabisa. Luninga inakunyima sauti: vyuma vya viatu vinavyokwangua barafu, kisahani kikigonga ukuta, watu wawili wakibamizana kwenye kioo futi chache kutoka ulipokaa na kioo kinatikisika. Na kuna baridi inayopanda kutoka chini. Nilikwenda mara ya kwanza na kikoti cha mvua, kwa ujinga wa kudhani ndani ya jengo ni ndani ya jengo.

Besiboli haikukimbilii hivyo. Ikiwa ulisoma shule ya msingi Kenya na ukaona wasichana wakicheza raundas, umeshafika nusu ya njia: mmoja anarusha, mmoja anapiga, aliyepiga anazunguka vituo mpaka arudi alipoanza. Timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha wanabadilishana, zamu tisa kila upande, na sare hakuna. Saa ya kumaliza mechi haipo. Ndiyo maana miaka ya nyuma watu walikaa uwanjani mpaka wakazeeka kidogo. Mwaka 2023 ligi ikaweka saa ya kumhimiza mrushaji, sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye vituo, na wastani wa mechi ukashuka hadi kama saa 2 na dakika 40. Jirani yangu kutoka Uvira, nilipomkalisha mbele ya mechi yake ya kwanza, alivumilia zamu tatu halafu akauliza, "Kaka, sasa mchezo unaanza saa ngapi?"

Sikumlaumu. Besiboli ni mchezo wa kusubiri, na utamu wake uko ndani ya kusubiri humo. Chukua kitendo kimoja tu: mrushaji anamtazama mdakaji wake aliyechuchumaa, anakataa ishara ya kwanza kwa kichwa, anakubali ya pili. Mpigaji anajua pengine mpira wa kasi unakuja, pengine wa kupinda. Wakimbiaji wako kwenye vituo, mmoja anaiba hatua mbili. Watu 30,000 wananyamaza. Mpira unasafiri kwa chini ya nusu sekunde. Halafu, mara nyingi, hakuna kinachotokea, na wanaanza tena. Ukishajua wanachobishana wale wawili bila kusema, hutataka saa iende mbio. Ila kukijua kulinichukua miezi miwili na uvumilivu wa yule mzee wa maboksi, aliyekuwa akija na redio ndogo na kunieleza kila mpira kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Kwa hiyo kwenye kipengele hiki hoki inashinda kwa mwezi wa kwanza. Baada ya mwaka, sina hakika.

Mfuko

Hapa hakuna mashindano. Pirates wanacheza mechi 162 kwa msimu, 81 zikiwa nyumbani PNC Park, uwanja wenye viti zaidi ya 38,000. Penguins wanacheza kama nusu ya hizo, nyumbani kwenye ukumbi wa PPG Paints Arena unaochukua watu kama 18,000. Piga hesabu: Pirates wana viti zaidi ya milioni 3 vya kujaza kila mwaka, Penguins hawafiki 800,000. Ongeza kwamba Penguins kuanzia 2007 mpaka 2021 waliuza tiketi zote mechi zaidi ya 600 mfululizo, wakati Pirates wanahangaika kujaza viti siku za katikati ya wiki. Huhitaji kuwa mchumi kujua tiketi ipi ni ghali.

Mimi nimeingia PNC Park Jumanne ya mwezi wa nne, jukwaa la juu, kwa pesa isiyozidi ya sahani ya wali na mbuzi kwenye mgahawa wetu. Penguins, kwa pesa ya kiti cha nyuma kabisa siku ya Jumamosi, ningemvisha mwanangu viatu na koti. Ukitaka hoki kwa bei ya kueleweka, vizia mechi ya Jumatatu au Jumanne dhidi ya timu isiyo na jina, na usinunue mapema: wenye tiketi za msimu wasioweza kwenda huanza kushusha bei saa chache kabla ya mechi.

Tena Pirates wanaruhusu uingie na chakula chako na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Sijui kama wenyeji wanaelewa ukubwa wa jambo hili. Mke wangu hufunga chapati na maharage ya nazi kwenye mfuko unaoonyesha ndani, watoto wanabeba ndizi, na tunakaa jukwaani kama tuko Coco Beach siku ya sikukuu. Kwenye hoki utanunua cha humohumo, na utakinunua kwa bei ya humohumo.

Usafiri usikutishe kokote uendako. Treni ya mjini, wenyewe wanaiita T, ni bure kwenye vituo vya katikati ya mji, pamoja na Steel Plaza iliyo jirani na ukumbi wa hoki na North Side ulipo uwanja wa besiboli. Mimi hupenda kushuka mapema na kuvuka kwa miguu daraja la Roberto Clemente, linalofungwa kwa magari siku ya mechi. Mto chini, uwanja mbele, majengo ya mji mgongoni, wauza karanga kandoni. Nimeona viwanja kadhaa maishani. Ule ni mzuri kuliko timu inayocheza ndani yake.

Kushinda

Nalo hilo la mwisho ndilo gumu, afadhali nilimalize.

Penguins wamechukua Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi yao ya hoki, mara tano: 1991, 1992, 2009, 2016 na 2017. Kati ya 2007 na 2022 walifika mtoano misimu 16 bila kukosa hata mmoja. Wamepata bahati ambayo miji mingine inaililia. Kwanza Mario Lemieux, waliyemchagua mwaka 1984 kwenye mgao wa wachezaji chipukizi. Mwaka 1993 aligundulika na saratani, akatibiwa kwa mionzi, na siku ya mionzi ya mwisho akapanda ndege kwenda Philadelphia akacheza usiku uleule na kufunga. Wapinzani wakasimama kumpigia makofi. Msimu huo akaongoza ligi nzima kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao. Halafu timu ikafilisika mwaka 1998, huku ikidaiwa naye mamilioni ya mshahara aliokuwa hajalipwa. Mwaka uliofuata akageuza deni lake kuwa hisa, akaichukua timu. Hebu fikiria: mfanyakazi anayedai mshahara anaishia kuwa mwenye kampuni, kisha mwaka 2000 anavaa tena jezi na kurudi kucheza. Halafu mwaka 2005 akaja Sidney Crosby, kijana wa miaka 18 kutoka Nova Scotia, akaipa timu makombe matatu.

Na kuna habari itakayowagawa Waswahili wa humu ndani: mwaka 2021 Penguins walinunuliwa na kampuni ya Fenway, wale wale wenye Liverpool. Binamu yangu wa Temeke, mnazi wa Manchester United, aliposikia aliniambia nichague besiboli bila kuendelea kusoma.

Pirates nao waliwahi kuwa wafalme. Wana ubingwa wa ligi kuu, wenyewe wanauita wa dunia, mara tano pia, ila angalia miaka: 1909, 1925, 1960, 1971, 1979. Mwaka 1960 Bill Mazeroski alimaliza mechi ya saba ya fainali dhidi ya Yankees wa New York kwa pigo moja lililotoka nje ya uwanja, pigo linalompa mpigaji mzunguko mzima, na mpaka leo kila Oktoba 13 mashabiki hukusanyika kwenye kipande cha ukuta kilichobaki cha uwanja wa zamani wa Forbes Field kusikiliza matangazo ya redio ya siku ile. Wazee kwa vijana wamesimama kwenye nyasi, wanasikiliza mechi ambayo matokeo yake wanayajua tangu utotoni, na bado wanashangilia. Nilikwenda mara moja kwa udadisi. Nikatoka nimeelewa mji huu unavyokumbuka.

Kisha ikaja njaa. Kuanzia 1993 mpaka 2012 Pirates walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamefungwa zaidi ya walivyoshinda. Mtoto alizaliwa, akasoma, akaanza kunyoa ndevu, hajaona msimu mmoja mzuri. Mwaka 2013 wakapenya kwenye mtoano, na usiku wa Oktoba 1 watu zaidi ya 40,000 waliimba jina la mrushaji wa Cincinnati, Johnny Cueto, kwa kumvutavuta, "Kweee-to, Kweee-to", mpaka mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini. Mpira uliofuata, Russell Martin akaupiga ukatoka nje. Yule mzee wangu alikuwepo. Huu ni mwaka wa kumi na kitu na bado akiusimulia anasimama. Wakarudi mtoano 2014 na 2015, basi. Mwaka 2024 walipoteza mechi 86, mwaka 2025 wakapoteza 91.

Sababu si laana. Ligi ya hoki iliweka ukomo wa mishahara mwaka 2005, baada ya wenye timu kuwafungia wachezaji nje na msimu mzima kufutwa: hakuna timu inayoruhusiwa kutumia zaidi ya kiwango fulani, kwa hiyo mji mdogo unaweza kumshikilia nyota wake miaka 20. Besiboli haina ukomo wa namna hiyo. Timu tajiri inalipa kodi ya anasa, faini ya kutumia kupita kiasi, na kuendelea kununua. Pirates wakikuza kijana ni kama klabu ya mkoani inayomkuza straika: dirisha la usajili likifunguliwa, wakubwa wapo mlangoni. Januari 2018, ndani ya siku chache, waliwaachia Gerrit Cole na Andrew McCutchen, mmoja mrushaji wao mkuu, mwingine mchezaji bora wa ligi wa 2013. Cole akaja kusaini Yankees kwa dola milioni 324. McCutchen alirudi 2023 akiwa na mvi za kutosha, na mji ulimpokea kama mtoto aliyerudi kutoka Uarabuni.

Lakini ligi ni sehemu tu ya maelezo. Mashabiki wenyewe wanamlaumu mwenye timu kwa kubana matumizi, na utasikia jukwaa zima likiimba "uza timu". Ukitaka kuona maumivu yote kwenye mstari mmoja, mtazame Paul Skenes. Mrushaji huyu alianza Mei 2024, akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake, na 2025 akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote. Wapinzani walikuwa wakipata wastani wa chini ya pointi mbili kwa mechi dhidi yake. Rekodi yake mwaka huo? Ushindi 10, kushindwa 10. Anafunga mlango, wenzake hawapigi.

Ukiwa mtu ambaye matokeo yakiwa mabaya chakula hakishuki, nenda Penguins na usigeuke nyuma. Kuna faraja moja tu kwa wa besiboli: humo hata bingwa hupoteza mechi 60 kwa mwaka. Mtu anajifunza kufungwa Jumatano na kurudi Alhamisi bila kinyongo. Sisi tuliozoea kwamba Yanga akifungwa na Simba wiki nzima huwezi kwenda sokoni, huu ulikuwa uponyaji wa namna yake.

Sisi na hizi timu

Jambo hili sikulitegemea liwe na uzito, lakini ndilo lililoniamulia.

Jina la lile daraja, Roberto Clemente, ni la mtu mweusi kutoka Puerto Rico, aliyezungumza Kiingereza cha kigeni na kuchekwa na magazeti kwa lafudhi yake. Alipiga mapigo 3,000 kamili akiwa na Pirates. Desemba 31, 1972 alipanda ndege iliyojaa msaada wa waliokumbwa na tetemeko Nicaragua, ndege ikaanguka baharini. Ukuta wa kulia wa PNC Park una urefu wa futi 21 kwa sababu namba yake ilikuwa 21. Septemba 1, 1971 Pirates walipanga kikosi cha kwanza katika historia ya ligi kuu chenye Waafrika-Wamarekani na Walatino watupu, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa. Kabla ya hapo, enzi weusi wanazuiwa ligi kuu, Pittsburgh ilikuwa makao ya timu mbili kubwa za weusi, Crawfords na Homestead Grays. Josh Gibson alizichezea zote, akafa Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajawa mweusi wa kwanza kuvunja kizuizi hicho. Mwaka 2024 ligi kuu ilipoingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake, Gibson akapanda kileleni mwa orodha ya wapigaji wa muda wote.

Halafu tuko na sisi wenyewe. Aprili 26, 2017, hapo hapo PNC Park, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alikuwa mfanya usafi. Mpira wa kwanza aliofanikiwa kuupiga ulimfikisha kituo cha kwanza. Mwaka 2023 Pirates wakamsajili David Matoma, kijana mrushaji wa Uganda, akaanzia ligi za chini. Na Uganda haikuibuka jana: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali za dunia za watoto, zinazofanyika Pennsylvania hii hii, na wakashinda mechi dhidi ya watoto wa Oregon.

Hoki kwa upande huu ina njia nyembamba, lakini ipo. Ice Lions wa Nairobi walikuwa wakijifua kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, bila hata timu ya kucheza nayo. Mwaka 2018 wakapelekwa Kanada, na walipoingia chumba cha kubadilishia nguo wakamkuta Crosby mwenyewe, pamoja na nyota mwenzake wa hoki Nathan MacKinnon, wamevaa jezi ya Kenya tayari kucheza upande wao. Nahodha wa Pittsburgh, ndani ya jezi ya simba wa Nairobi. Nikikutana na Mkenya anayesema hoki haituhusu, humwonyesha hilo.

Kuna upande mwingine ambao mwenyeji hatakusimulia asipoulizwa. Ukumbi wa zamani wa Penguins, Civic Arena, ulifunguliwa 1961 juu ya mtaa wa weusi wa Lower Hill, baada ya watu zaidi ya 8,000 kuhamishwa na nyumba zao kubomolewa. Penguins walikuja 1967, si wao waliobomoa. Lakini wazee wa Hill District ninaokutana nao kanisani wanapita pale bila kushangilia, na ukijua sababu nawe utapita polepole.

Watoto, saa, na baridi

Kifupi tu. Besiboli huanza mwishoni mwa Machi hadi mwisho wa Septemba, watoto wako likizo nusu ya muda huo, na katikati ya mechi kuna mbio za watu waliovaa mavazi ya pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha. Wanangu hawajui nani alishinda mechi yoyote, ila wanajua pierogi gani ilianguka. Hoki huanza Oktoba hadi Aprili, giza linapoingia saa 11 jioni na huna pa kwenda. Kama mwanao anataka kucheza mwenyewe, vifaa vya hoki ni bei ya kukonda, lakini tangu 2008 kuna mpango wa Crosby na Penguins unaowapa wanaoanza vifaa kuanzia kofia hadi viatu. Ulizia mapema, nafasi huisha.

Ukipenda kuwashirikisha wa nyumbani, jua saa: Pirates wakianza saa 12:40 jioni, Dar ni saa 7:40 usiku. Penguins wakianza saa 1 usiku wakati wa baridi, Dar ni saa 9 usiku. Hakuna shemeji atakayekesha.

Basi uchague ipi

Unafanya kazi zamu mbili, unapata jioni moja kwa wiki, na ukikaa unataka moyo uende mbio: Penguins, kwenye luninga, usinunue hata tiketi mwaka wa kwanza. Uko na familia, pesa ni ya kubana, na unataka kuujua mji na watu wake: Pirates, uwanjani, hata wakifungwa. Umekuja peke yako na upweke unakusumbua, jibu langu ni Pirates tena, kwa sababu mechi 162 maana yake karibu kila usiku kuna sauti redioni inayokuzungumzisha, na kwa sababu katikati ya mpira na mpira jirani wa kitini ana muda wa kukuuliza unatoka wapi. Kwenye hoki hakuna anayekuuliza kitu mpaka mapumziko. Ila kama hujawahi kushabikia timu inayofungwa, nakuonya kabisa: mwezi wa nane utakuwa mrefu.

Mimi nilianza na Pirates. Penguins walinifuata wenyewe majira ya baridi, na sioni haya kusema sasa nawapenda wote, ingawa nikifinywa nitataja wa besiboli kwanza.

Mavazi yasikusumbue. Pittsburgh timu zote kubwa zinavaa nyeusi na dhahabu. Penguins walihamia rangi hizo mwaka 1980. Nunua kofia moja nyeusi yenye herufi P ya dhahabu, ivae Aprili na uivae Januari juu ya skafu. Yule mzee wa maboksi aliponiona nayo mara ya kwanza hakusema lolote. Alisogeza redio upande wangu wa meza.